Mavyaa wangu anasafishwa damu, sasa ameonekana na minyoo. Kosa ni la mashine au la jiko langu?

Assalaam alaykum Bi Daktari,

Mimi ni mke wa mtu, naishi shamba huku Kaskazini Unguja, nyumba moja na mavyaa wangu. Ana sukari na presha za miaka mingi, na tangu mwaka jana figo zimeshindwa kabisa, kwa hiyo anasafishwa damu mjini mara tatu kwa wiki. Mimi ndiye ninayempeleka na kumrudisha, mimi ndiye ninayempikia, na mimi ndiye ninayempimia maji yake kwa kikombe kama tulivyofundishwa.

Sasa inakaribia mwezi tumbo lake halijatulia. Anaharisha maji matupu, linakata siku mbili tatu, kisha linarudi. Chakula hakitaki. Magauni yanampwaya. Na damu yake haipandi, juu ya sindano zote za kuongeza damu anazochomwa. Nilimpeleka kituo cha hapa kijijini, tukatoa choo mara moja, jibu likaandikwa "minyoo na amiba". Tukapewa albendazole na Flagyl. Alipata nafuu siku chache, kisha mambo yakarudi palepale.

Hapo ndipo maneno yalipoanza nyumbani. Wifi yangu mkubwa anasema ni mashine iliyomtia minyoo, kwa sababu kuna bibi mwengine anayekaa kiti cha jirani naye anaharisha vilevile, "wanatumia mashine moja, wataachaje kuambukizana?" Anataka mama apumzishwe mashine kwa muda mpaka tumbo lipone. Wifi mdogo yeye hataji mashine. Anasema minyoo hutoka jikoni, na jiko ni langu. Hakunambia mimi, kamwambia mume wangu, na mume wangu kanyamaza kimya, jambo lililoniuma kuliko maneno yenyewe.

Dawa nazo kila mtu ana yake. Shangazi yao kasema mbegu za papai zisagwe, anywe pamoja na maji ya mabirimbi, na kila akiharisha apewe dafu arudishe nguvu. Wifi mkubwa kanunua dukani vidonge vya kuongeza hamu ya kula, vidogo, anasema vinanenepesha wiki mbili tu. Hivyo bado hajavimeza, nimevificha kabatini kwanza nikuulize.

Nyumbani tunatumia maji ya kisima, mfereji ukitoka tunachanganya. Ya kunywa tunayatia dawa ya klorini. Kuna ng'ombe mmoja aliyezaa karibuni, mbuzi, kuku, na wajukuu wanne, mmoja bado anatambaa. Mavyaa wangu hata sasa akipata nguvu huenda kuchungulia bonde lake la mpunga, na huenda miguu mitupu, ndio mazoea yake. Ameshanihadithia kuwa udogoni alikojoa damu, yeye na wenzake wote.

Jambo la mwisho: shemeji yangu aliyeko Muscat amejitolea kumpa mama yake figo moja. Sote tumefurahi. Ila naogopa, minyoo hii haitaharibu mpango? Na hatujawaambia wauguzi wa mashine habari za kuharisha. Mume wangu anaogopa watamtenga au watampa mtu mwengine nafasi yake.

Nisaidie, Bi Daktari. Nani kamuambukiza mavyaa wangu?

Mkamwana,
Kaskazini Unguja

JIBU

Wa alaykumus salaam, mwanangu.

Nianze na lile ulilolipitisha kwa haraka mwishoni: kwamba wauguzi wa mashine hawajui kama mama anaharisha. Hilo linanitia khofu kuliko minyoo yenyewe. Kila anapofika anapimwa uzito, na mashine inapangwa itoe maji kiasi gani kwa kuangalia ule wanaouita uzito mkavu, yaani uzito wake akiwa hana maji ya ziada. Mama amekonda. Uzito wake mkavu wa leo si ule ulioandikwa kwenye faili. Wasipojua, mizani itawaambia yuko sawa, kumbe kilo alizopoteza za nyama zimejazwa na maji, na maji hayo hukimbilia miguuni na mapafuni. Kinyume chake, ikiwa usiku kucha ameharisha, anafika presha yake imeshashuka, na akitolewa maji kama siku nyingine presha itaporomoka akiwa kitini. Kama ana fistula mkononi, yaani ule mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine, presha ikiporomoka namna hiyo damu huweza kuganda ndani ya fistula, na kutengenezewa nyingine si kazi ya siku moja.

Minyoo si sababu ya kumwondoa mtu kwenye mashine. Wanaotengewa mashine yao ni wenye homa ya ini aina ya B, kwa sababu kirusi chake hupita kwenye damu kwa urahisi sana. Kwa hiyo siku yake ijayo ya mashine, kabla hajaunganishwa, sema: anaharisha tangu lini, mara ngapi kwa siku, kuna damu au hakuna, amemeza dawa gani. Chukua mfuko utie paketi zote, na hivyo vidonge vya kabatini uvitie pia.

Na hilo la kupumzishwa mashine, mwambie mumeo alikatae wazi. Figo zikishakufa kabisa, mtu akikaa bila mashine potasiamu hupanda mpaka moyo ukasimama. Hapewi onyo.

Sasa mashine kama mshitakiwa. Damu ya mama hupita ndani ya chujio la nyuzi nyembamba, upande wa pili yanapita maji yaliyochanganywa chumvi maalumu. Kwa kawaida ni mililita 500 kwa dakika, maana yake kikao kimoja cha saa nne kinatumia lita 120 hivi. Ni maji mengi, ndiyo maana husafishwa kwanza kwa makaa, kwa mitambo ya kutoa chumvi na kwa utando mwembamba kabisa. Vitundu vya chujio lenyewe ni vidogo kuliko yai la mnyoo au ganda la amiba kwa maelfu ya mara. Ngamia atapita tundu ya sindano kabla kijidudu cha tumbo hakijapita hapo. Cha kuogopwa kwenye damu ni virusi vya ini na UKIMWI, na malaria kwa aliyeongezewa damu isiyopimwa. Minyoo ya tumbo njia yake ni mdomo, na mingine ngozi ya miguu.

Hata hivyo wifi mkubwa asidharauliwe moja kwa moja. Wagonjwa wale wanakaa pamoja saa nyingi, wanatumia choo kimoja, wanashika milango ileile, wengine wanakula vitafunio vyao palepale kitini. Mkono usiooshwa kwa sabuni hufanya kazi mjini kama unavyoifanya shamba. Na yule bibi wa kiti cha pili, ukimuuliza anakunywa maji gani kwao, huenda akakutajia kisima kama chenu.

Kwa nini basi yeye, na si wewe mnayekula sufuria moja? Hapa ndipo pazito. Uchafu unaobaki kwenye damu figo zinaposhindwa hudhoofisha chembe nyeupe, na mashine haiutoi wote. Sukari inaongeza udhaifu huo. Lishe inaongeza tena, kwa sababu kila kikao cha mashine huondoka na sehemu ya virutubisho, na mgonjwa mwenyewe chakula hakitaki. Wengi pia wanameza omeprazoli kwa ajili ya kiungulia, na dawa hiyo inazima ile asidi ya tumbo ambayo ingeua baadhi ya vijidudu mlangoni. Tafiti zilizofanywa Iran, Uturuki na Brazil, miongoni mwa nchi nyingine, zimewakuta wanaosafishwa damu na vimelea vya tumbo kwa wingi zaidi kuliko watu wazima wengine wa mazingira yao. Mnaweza kuwa mmemeza kitu kilekile, wewe, watoto na mama. Nyinyi kikapita bila kujulisha, kwake kikapiga kambi.

Kwa hiyo swali lako la nani kamuambukiza halina jibu, na hata lingekuwa nalo lisingekufaa kitu.

Tuje kwenye lile jibu la "minyoo na amiba". Samahani kwa wenzangu wa vituoni, lakini jibu hilo limekuwa la mazoea, kila kuharisha kwa Unguja na Pemba ni amiba. Minyoo ipi? Ya mviringo, mjeledi, safura? Kila mmoja una tabia yake na dawa yake. Mjeledi, kwa mfano, kidonge kimoja cha albendazoli mara nyingi huupita tu, jambo lililothibitishwa hapahapa visiwani, Pemba, ambako kuna Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, tangu mwaka 2000. Amiba nayo ina pacha wake asiye na madhara, na kwa darubini ya kawaida hawatofautiki.

Tena kuna vimelea ambavyo kipimo cha kawaida hakivioni kabisa. Kimoja kinaitwa kriptosporidi. Nakitaja kwa sababu barua yako imenifanya nikifikirie: kuharisha maji, kunakokuja na kuondoka, kwa mtu mwenye kinga dhaifu, nyumba yenye ndama mchanga, na Flagyl haikukata. Ndama ni mmoja wa wabebaji wake wakubwa. Kukiona kunahitaji choo kipakwe rangi maalumu, ileile inayotumika kusakia kifua kikuu, na maabara haipaki rangi hiyo mpaka daktari aiandike. Sisemi ndicho alicho nacho. Kuharisha kwake kunaweza pia kutokana na sukari iliyochakaza mishipa ya tumbo, au dawa za antibiotiki alizopewa karibuni, au hata dawa anazomeza pamoja na chakula za kushusha fosfeti. Lakini waombeni wapime choo zaidi ya mara moja, siku tofauti, na watafute kwa makusudi kriptosporidi na jiadia, kimelea kingine cha kuharisha.

Na hapa nakupa habari ambayo haitakufurahisha: klorini mnayotia kwenye maji haikiui kriptosporidi. Hukaa ndani ya ganda gumu likapita salama. Moto ndio unaokiua. Maji ya mama ya kunywa, ya kupigia mswaki, na hata ya kusukutua wakati wa udhu, yachemshwe mpaka yabubujike dakika nzima, yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha yatiwe kwenye chombo chenye koki. Nasema koki kwa kusudi. Mtungi na kata ni vitu vizuri, vina baridi yake, lakini kila kata inapozama na vidole vya mtoto aliyetoka chooni vinazama nayo. Nimeona nyumba zinazochemsha maji kwa kuni za kununua, kisha zinayachafua ndani ya saa moja.

Jiko lako, mwanangu, halina kosa kubwa kuliko majiko mengine ya Unguja. Yapo ya kurekebisha machache. Mboga za majani mama anatakiwa azile zilizochemshwa na maji yake kumwagwa, nadhani mmeshaambiwa hivyo ili kupunguza potasiamu, na kwa bahati nzuri moto huohuo unaua mayai ya minyoo. Kachumbari aiache kwa sasa. Urojo wa njiani na maji ya miwa ya Forodhani pia, japo najua mnapotoka mjini jioni vinaita. Nyama iive mpaka ndani, mishkaki yenye wekundu si yake: kuna kimelea cha toksoplazma kinachokaa kwenye nyama mbichi na kwenye kinyesi cha paka, na mtu anayesubiri figo ya kupandikizwa hakihitaji.

Chooni, angalia kitu kimoja tu kwa jicho kali: sabuni iko wapi? Sisi tunajitakasa kwa maji na mkono wa kushoto, ni suna na ni usafi. Lakini nyumba nyingi kopo liko chooni na sabuni iko bafuni, au jikoni, au imekwisha tangu Jumatatu. Mtu anatoka, anagusa kitasa, anagusa kifuniko cha mtungi, ndipo anapofika kwenye sabuni. Funga kipande cha sabuni kwenye wavu, kitundike pale pale penye kopo, kwa urefu wa mtoto. Anayetambaa aoshwe mikono na mkubwa. Ng'ombe na ndama asikamuliwe wala kuoshwa na yule anayekwenda kumlisha mama, au akishamaliza abadilishe nguo na aoge.

Kisha nyote mpimwe, au mtibiwe pamoja kwa ushauri wa kituo. Watoto wa skuli wanapewa dawa za minyoo na za kichocho kwa kampeni. Mgonjwa kama mama ndiye anayerukwa, kwa sababu kampeni hizo haziwapi dawa walio wagonjwa sana. Ukimtibu peke yake, ukarudi kumuweka kati ya watu wenye mayai yaleyale, mtakuwa mnakimbizana na minyoo hiyo mwaka mzima.

Dawa za shangazi. Heshima yake iko palepale, ila birimbi, hapana kabisa. Maji yake yana oksalati nyingi, kuna watu wenye figo nzima zilizofeli baada ya kunywa maji ya birimbi yaliyokolea. Lile tunda la ukoo wake linalokuwa na umbo la nyota ukilikata ndilo baya zaidi: kwa anayesafishwa damu huleta kwikwi isiyokatika, kuchanganyikiwa, na limeshaua watu. Mbegu za papai sina ushahidi wa kutosha wa kumpa mtu mwenye tumbo lililochafuka hivyo. Na dafu, ambalo kwako wewe ukiharisha ni rehema, kwake ni hatari. Dafu moja kubwa linaweza kuwa na potasiamu kuliko ndizi mbivu, na yeye hana figo za kuitoa. Hata ule unga wa kuchanganya maji na chumvi wa vituoni una potasiamu ndani yake. Wakati mwingine anayeharisha anauhitaji, lakini kiasi aseme daktari wa mashine baada ya kupima damu. Ndiyo sababu nyingine ya kuwaambia.

Albendazoli haina shida kubwa na figo, hushughulikiwa na ini. Metronidazoli, yaani hiyo Flagyl, nayo ni hivyo kwa sehemu, lakini mashine inaitoa kwenye damu. Ikiwa alimeza asubuhi akapanda kitini saa mbili, nusu ya matibabu imekwenda na maji machafu. Siku za mashine humezwa baada ya kikao. Hakuna aliyekwambia hilo kwa sababu aliyempa hakujua kama ni mgonjwa wa mashine, au alijua akasahau. Wewe sema kila mara, hata kwa duka la dawa: "Huyu anasafishwa damu."

Damu isiyopanda nayo isiachwe ipite. Mnyoo wa safura hung'ata utumbo na kunyonya, aina kubwa zaidi hupoteza hadi robo ya mililita kwa mnyoo mmoja kwa siku. Wakiwa mia, hesabu mwenyewe. Mgonjwa wa figo tayari mwili wake hautengenezi damu ya kutosha, kila kikao kinapotea kidogo kwenye mipira, na chini kuna safura wanakunywa. Madaktari wakaongeza dozi ya sindano, wakaongeza madini ya chuma, damu ikabaki palepale. Waulize kama choo kilipimwa safura. Waulize pia kuhusu eosinofili kwenye kipimo chake cha damu, ni aina ya chembe nyeupe inayopanda mtu akiwa na minyoo mwilini. Kwa mgonjwa wa mashine hupanda pia kwa sababu ya chujio au dawa za kikao, ndiyo maana mara nyingine huonekana ikapuuzwa.

Sasa vile vidonge vya kabatini. Umefanya jambo la maana sana kuvificha. Dawa nyingi za kunenepesha zinazouzwa hivihivi ni deksamethasoni au prednisoloni, dawa zinazopandisha sukari na kushusha kinga. Kwa mtu mwenye sukari peke yake zinatosha kumlaza. Lakini kuna jingine. Upo mnyoo mdogo mno, strongiloidi, unaoingia kwa ngozi ya mguu kutoka udongo wenye majimaji, kama bonde la mpunga. Tofauti na wenzake, huu unaweza kujizalisha humohumo mwilini bila kutoka nje, mtu akakaa nao makumi ya miaka bila kuumwa. Kuna wanajeshi wa Uingereza waliotekwa Asia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia waliokutwa bado wanao wakiwa wazee. Mtu wa hivyo akipewa dawa za aina ile ya deksamethasoni, kinga inalala, mnyoo unalipuka: vijana wake wanatoboa utumbo kwa maelfu, wanaingia mapafuni wakiburuta bakteria wa choo hadi kwenye damu. Wengi hawatoki salama.

Hapo ndipo pia jibu la shemeji yako. Upandikizaji wa figo unafanyika nchini, Muhimbili walianza 2017. Anayepokea figo humeza dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae figo ngeni, na prednisoloni mara nyingi ni mmojawapo. Kwa hiyo minyoo haivunji mpango. Inayovunja mpango, na mtu pia, ni minyoo isiyojulikana. Atafutwe strongiloidi kabla, kwa choo cha siku kadhaa na kwa kipimo cha damu pale kinapopatikana. Dawa yake ni ivermektini. Ule mkupuo mmoja wa albendazoli hautoshi. Kampeni ya matende na busha iliyoanza Zanzibar 2001 iliwapa watu ivermektini pamoja na albendazoli, na bila shaka imepunguza mengi, lakini ile ni zamani na yeye bado anakwenda bondeni miguu mitupu. Avae ndara, angalau. Mwenye sukari hata bila minyoo hatakiwi kukanyaga peku, kidonda cha mguu kwake hakiponi upesi.

Shemeji naye apimwe hayohayo, pamoja na kichocho. Kukaa Muscat hakujafuta udogo wake wa Kaskazini Unguja. Kichocho chetu ni kile cha njia ya mkojo, kinachotokana na konokono wa maji baridi, na mayai yake huacha makovu kwenye kibofu na kwenye mirija inayoshuka kutoka figo. Mrija ukiziba, mkojo unarudi nyuma na figo inaharibika taratibu bila maumivu. Mtu hatoi figo moja kabla ya kuhakikisha kuwa inayobaki, na mirija yake, ni mizima. Ultrasaundi inaonyesha.

Kwa mama, yale ya kukojoa damu udogoni yaingie kwenye faili. Sukari na presha zinatosha kuua figo bila msaada, siwezi kusema kichocho kilichangia. Ila daktari wa upandikizaji lazima akijue kibofu atakachounganishia figo mpya, na kibofu chenye makovu si sawa na kibofu kizima. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, inaua minyoo, makovu haiyafuti. Na kwa kuwa mama sasa hapati mkojo wa kutosha, kipimo cha kawaida cha mkojo kikisema hana, kisichukuliwe kuwa neno la mwisho.

Wifi zako waachie mumeo. Ni dada zake, na kunyamaza kwake ndiko kunakoyapa maneno nafasi. Mpe barua hii aisome, kisha umpe kazi: yeye ndiye ampeleke mama siku ijayo ya mashine, akiwa na ule mfuko wa paketi, aseme mwenyewe mbele ya daktari kila kitu alichokuwa anaogopa kukisema. Wifi mdogo, kwa kuwa anajali usafi, aje mwishoni mwa wiki akusaidie kuchemsha maji na kutundika hiyo sabuni. Wifi mkubwa arudishe vidonge dukani adai pesa zake.

Kabla ya siku hiyo haijafika, mama akiwa na homa, au choo chenye damu, au akilegea misuli, au moyo ukimwenda mbio au ukaruka mapigo, usisubiri zamu yake ya mashine. Mchukueni hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku.